Mwongozo kamili wa safari ya gari ya familia katika nyanda za juu na visiwa vya Uskoti

Familia nyingi zinazozuru Uskoti kwa gari hukwama mahali pale pale. Hupanga barabara kwanza, hulipia vyumba, kisha hukumbuka feri wiki mbili kabla ya kuondoka na kukuta nafasi za magari zimekwisha. Wengine hufika bandarini dakika kumi kabla ya meli kung'oa nanga na kuiona ikiondoka bila wao. Wengine huhesabu maili kana kwamba wako kwenye barabara kuu, wakafika kulala usiku huku watoto wanalia na jiko la hoteli limeshafungwa.

Mwongozo huu unafuata njia moja ya mzunguko: Glasgow, Fort William, Mallaig, kisiwa cha Skye, kisiwa cha Lewis na Harris, Ullapool, Inverness, kisha kurudi Glasgow. Zipo njia nyingine nzuri, lakini hii inakutanisha milima, maziwa na bahari bila kupita sehemu moja mara mbili. Inahitaji usiku tisa au kumi. Mwenye siku tano aishie Skye na arudi zake, asiibane njia yote ndani ya muda huo.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Viza. Raia wa Kenya, Tanzania na Uganda wanahitaji viza ya mgeni ya Uingereza, na kila mtoto huombewa yake. Uamuzi kwa kawaida huchukua wiki tatu tangu siku ya kutoa alama za vidole, hivyo omba mapema zaidi ya hapo.
- Leseni ya udereva ya kwenu iliyo hai. Mgeni anaweza kuitumia kwa magari madogo kwa muda wa hadi miezi 12. Aliyehamia Uingereza kuishi huhesabiwa miezi 12 tangu alipoanza ukaazi, na baada ya hapo hana budi kupata leseni ya huko.
- Kadi ya benki ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Kampuni nyingi za kukodi magari huzuia kiasi cha dhamana kwenye kadi hiyo na hukataa kadi ya mwenzi.
- Viti vya watoto. Sheria inamtaka mtoto akae kwenye kiti chake hadi afikishe umri wa miaka 12 au urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu, pamoja na ramani ya karatasi. Mtandao hupotea kwenye mabonde mengi, na hupotea pale hasa unapouhitaji.
- Koti la mvua na viatu visivyopitisha maji kwa kila mtu, hata mwezi wa Julai.
- Kibanio chembamba cha kutolea kupe, dawa ya kufukuza wadudu, na dawa ya kichefuchefu cha baharini ambayo mfamasia ameikubali kwa umri wa kila mtoto.
- Sanduku la kutunzia chakula baridi. Matumizi yake utayaona siku ya Jumapili kule Lewis.

Kuhusu majira, Mei na Juni ndiyo miezi ninayoipendelea. Mwangaza ni mrefu kiasi kwamba mwishoni mwa Juni jua huzama Skye baada ya saa nne usiku, na usubi, wadudu wadogo wanaouma, bado hawajafikia kilele chao. Julai na Agosti ni likizo ya shule, kwa hiyo barabara na feri hujaa. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba nyumba nyingi za wageni hufungwa, na mchana hupungua hadi kufikia urefu wa takribani saa sita na nusu mwezi wa Desemba.

## Hatua ya 1: Chora safari kwa kuanzia na feri

Chukua karatasi na uandike vivuko vitatu tu: Mallaig hadi Armadale, Uig hadi Tarbert, na Stornoway hadi Ullapool. Cha kwanza huchukua kati ya nusu saa na dakika 45, cha pili kama saa moja na dakika 40, na cha tatu zaidi kidogo ya saa mbili na nusu. Vyote vinaendeshwa na CalMac, kampuni ya feri inayohudumia visiwa vya magharibi ya Uskoti.

Sababu ya kuanzia hapa ni rahisi. Barabara haijai kiasi cha kukukataa, na chumba kikikosekana katika kijiji kimoja kitapatikana kijiji cha pili. Feri ina idadi maalumu ya magari, na katika baadhi ya siku safari ni moja au mbili tu. Kwa hiyo ni feri inayoamua utalala wapi na lini. Ukienda kinyume, kila kitu utakachokilipia kinategemea kitu ambacho hujakipata.

Kivuko cha kwanza kina mbadala. Skye imeunganishwa na bara kwa daraja kati ya Kyle of Lochalsh na Kyleakin, na daraja hilo halitozwi ada. Mallaig ikikosa nafasi, pita Invergarry na ufuate barabara ya A87, ambako pia utaiona ngome ya Eilean Donan ikiwa juu ya kisiwa chake kidogo. Vivuko viwili vilivyobaki havina mbadala wa barabara, na hivyo ndivyo vya kukatiwa tiketi kwanza.

## Hatua ya 2: Kata tiketi za gari, na uwe makini na majina

Ratiba ya kiangazi huanza takribani mwishoni mwa Machi na kumalizika Oktoba. Mara tu nafasi za tarehe zako zinapofunguliwa kwenye tovuti ya kampuni, nunua. Abiria wa miguu hupata nafasi kwa urahisi, lakini nafasi ya gari ndiyo inayokwisha.

Utaulizwa urefu na kimo cha gari. Kwa gari la kukodi, usiandike vipimo vya modeli uliyoiona kwenye picha, kwa sababu kampuni huahidi kundi la magari na si modeli fulani. Andika vipimo vya gari refu zaidi katika kundi hilo. Kama utafunga sanduku la mizigo juu ya paa, ongeza kimo chake, kwa kuwa gari lililozidi kimo kilichoandikwa linaweza kukosa mahali pa kuegeshwa ndani ya meli.

Onyo kuhusu majina. Tarbert unayoihitaji iko Harris. Ipo Tarbert nyingine huko Argyll, bara, nayo ina bandari ya feri ya kampuni hiyohiyo. Ipo pia Tarbet, isiyo na herufi r ya pili, kando ya ziwa la Loch Lomond, na kibao chake utakikuta siku ya kwanza kabisa ya safari. Kifaa cha kuongozea njia hakijui ulikusudia ipi. Vilevile bandari ya Uig hupeleka meli sehemu mbili, Tarbert na Lochmaddy, na Lochmaddy iko kisiwa kingine kabisa, North Uist. Soma jina la bandari ya kufikia kabla ya kulipa, kisha mpe mtu wa pili alisome tena.

Andika namba ya simu itakayokuwa hewani ukiwa safarini, kwa kuwa taarifa za meli kuchelewa au kufutwa hutumwa huko. Mwisho, acha siku nzima kati ya feri yako ya mwisho na ndege ya kurudi nyumbani. Upepo wa huko hauulizi tiketi yako ya ndege ni ya lini.

Utajua hatua hii imefaulu ukiwa na tiketi tatu zenye tarehe zinazofuatana, zote zikionyesha gari na kila abiria, pamoja na watoto wasiotozwa nauli.

## Hatua ya 3: Kodi gari linalofaa barabara, si picha

Gari dogo kuliko unavyodhani ndilo sahihi, mradi mizigo inaingia kwenye buti bila kuziba kioo cha nyuma. Kwenye barabara nyembamba za visiwani, utarudi rivasi mara kadhaa kwa siku, na dereva asiyeona nyuma huteseka. Magari ya watu saba yana udanganyifu wake: viti vyote vikijaa, buti hubaki na nafasi ya mikoba michache tu. Familia ya watu saba ipunguze mabegi badala ya kuongeza sanduku la juu ya paa.

Ukitaka gari la otomatiki, liombe wakati wa kukodi, kwa sababu magari ya giya za mkono bado ni mengi. Uliza maswali matatu na ujibiwe kwa maandishi: je, gari linaruhusiwa kupanda feri, je, msaada wa gari likiharibika unafika visiwani, na je, bima inagharamia tairi, rimu na sehemu ya chini ya gari. Hayo matatu ya mwisho ndiyo yanayoumia zaidi kwenye kingo za barabara hizo, na ndiyo ambayo bima ya kawaida huyaacha nje.

Kabla ya kuondoka, piga picha pande zote za gari, rimu nne na kioo cha mbele. Funga viti vya watoto wewe mwenyewe na uvitikise. Kisha angalia ndani ya kifuniko cha tangi kama ni petroli au dizeli.

Hilo la mafuta lina sababu. Vituo vingi vya mafuta havina mhudumu wa kujaza. Unajaza mwenyewe, kisha unaingia ndani kulipa. Petroli imeandikwa E10 au E5 na dizeli imeandikwa B7. Soma herufi, usitegemee rangi ya bomba uliyoizoea nyumbani. Ukikosea na kugundua kabla ya kuwasha injini, usiiwashe kabisa; piga simu ya msaada.

## Hatua ya 4: Pima siku kwa saa, si kwa maili

Vibao vya mwendo na umbali ni vya maili. Kikomo cha barabara ya kawaida nje ya miji ni maili 60 kwa saa, yaani kilomita 96, lakini kwenye milima na kando ya maziwa hutakifikia wala hupaswi kukilenga. Vijiji vingi vina kikomo cha maili 20 au 30.

Katika kupanga, hesabu wastani wa maili 40 kwa saa kwenye barabara za magari mawili na maili 25 kwenye zile nyembamba. Kisha ongeza nusu saa kwa kila saa mbili kwa ajili ya choo, picha na ugomvi wa kiti cha nyuma. Kwa familia yenye watoto wadogo, saa nne za kuendesha kwa siku zinatosha.

Mgawanyo ninaoupendekeza ni usiku mbili Fort William, usiku tatu Skye, usiku mbili Harris, usiku mmoja au mbili Lewis, na usiku mmoja Ullapool au Inverness. Kulala sehemu moja zaidi ya usiku mmoja kunakupa siku ya kusubiri mvua ipite, nayo itanyesha.

## Hatua ya 5: Siku ya kwanza, Glasgow hadi Fort William

Ni takribani kilomita 170 kwa barabara ya A82, saa mbili na nusu bila kusimama. Uendeshaji ni wa kushoto kama Afrika Mashariki, kwa hiyo hapo huna la kujifunza upya. Kinachobadilika ni nidhamu ya kipilefti: anayetoka kulia ana haki ya kupita, na magari yanaingia bila kusitasita. Kikomo cha pombe Uskoti ni kidogo kuliko cha England, na glasi moja ya chakula cha mchana inaweza kukufikisha pabaya. Asiyekunywa kabisa ndiye aendeshe.

Baada ya Tarbet ile ya Loch Lomond, barabara hubana kati ya mwamba na maji, na mabasi ya watalii huja kutoka mbele. Punguza mwendo, kaa upande wako, na usiangalie ziwa. Abiria wataliangalia kwa niaba yako. Mbele zaidi barabara hukata uwanda mpana wa Rannoch Moor kisha hushuka kwenye bonde la Glencoe. Hapo simama kwenye maegesho yanayotazama vilele vitatu viitwavyo Three Sisters. Yakiwa yamejaa, endelea mbele. Kuegesha kwenye majani ya kando huishia kwa tairi kuzama kwenye tope la mboji.

Fort William imekaa chini ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, mita 1,345. Usiwapandishe watoto kileleni kwa sababu tu ni mfupi ukilinganisha na Kilimanjaro. Huko juu ukungu hushuka ghafla, na theluji huweza kubaki hadi kiangazi. Jaza tangi hapa kabla ya kuelekea Mallaig.

## Hatua ya 6: Barabara za gari moja, zinavyoendeshwa

Hii ndiyo hatua inayowatia hofu wengi, na ndiyo wanayokosea wengi. Barabara hizi zina upana wa gari moja lakini hutumika pande zote mbili. Kila baada ya umbali mfupi ukingo hupanuka kidogo kuwa sehemu ya kupishana, yenye kibao cheupe cha umbo la almasi au mraba. Mfumo wote unategemea watu kutazama mbali na kuamua mapema.

1. Tazama mbele hadi sehemu ya kupishana ya pili au ya tatu, si ile iliyo mbele ya boneti. Ukiona gari linakuja, jiulize nani atafika kwanza kwenye sehemu iliyo kati yenu.

2. Sehemu ikiwa upande wako wa kushoto, ingia na usimame. Ikiwa upande wa kulia, usivuke kuiingia. Simama barabarani mkabala nayo, ili anayekuja aingie yeye. Anayevuka kwenda kulia humchanganya mwenzake, na hapo ndipo magari hugusana.

3. Anayepanda mlima mpe nafasi inapowezekana, kwa sababu kuanza upya kwenye mwinuko ni kugumu kuliko kusubiri kwenye mteremko. Lori, basi na gari linalovuta nyumba wape nafasi daima.

4. Mkikutana pua kwa pua, aliye karibu zaidi na sehemu ya kupishana ndiye anayerudi rivasi. Rudi polepole, ukitumia vioo na kugeuza shingo. Usirudi huku gurudumu likiwa kwenye majani, kwani chini yake huwa kuna mtaro usioonekana.

5. Ukiona gari nyuma yako limekukaribia, ingia sehemu inayofuata ya kushoto na ulipishe. Huenda ni muuguzi, mwalimu au mfugaji anayekwenda kazini. Kumburuza nyuma yako maili kumi huku ukipiga picha za kondoo ni utovu wa adabu, na wenyeji hulalamikia jambo hili kuliko yote.

6. Usiegeshe kamwe kwenye sehemu ya kupishana, hata kwa dakika mbili, hata kama mandhari yake ni ya kipekee. Gari moja lililoegeshwa huvunja mfumo wa pande zote.

Inavyoonekana ikienda sawa ni hivi: gari jekundu linatokea kwenye kona ya mbali, wewe unatoa mguu kwenye mafuta, unaingia kushoto, unasimama. Yule anapita bila kupunguza sana, ananyanyua vidole viwili juu ya usukani, nawe unanyanyua vyako. Sekunde nne, imekwisha. Taa zikiwashwa na kuzimwa mara moja na gari lililosimama, kwa kawaida maana yake ni pita, lakini hakikisha limesimama kweli.

Kondoo na wanakondoo hulala katikati ya lami kwa sababu ina joto. Mwanakondoo akiwa upande mmoja na mama yake upande wa pili, jua kwamba atavuka, simama kabisa. Jioni na usiku wanaokuvukia ni kulungu, na akitokea mmoja subiri wa pili. Ukikuta wavu wa vyuma uliolazwa barabarani kuzuia mifugo, upite polepole.

Njia moja nawashauri wageni waiache: Bealach na Bà, kipito cha kwenda Applecross. Inapanda hadi mita 626 kwa kona kali na mwinuko wa asilimia 20. Mwenye hamu ya kuiona Applecross azunguke kwa barabara ya pwani kutoka Shieldaig.

## Hatua ya 7: Bandarini na melini

Kutoka Fort William hadi Mallaig ni kilomita 70 hivi. Njiani iko Glenfinnan, penye daraja la reli la matao 21, na maegesho yake hujaa kila treni ya mvuke inapokaribia kupita. Ukitaka kuiona, fika zaidi ya saa moja kabla. Usithubutu kuunganisha treni hiyo na feri yenye muda wa kubana.

Tiketi yako inaonyesha muda wa mwisho wa gari kuripoti, ambao kwa kawaida ni kati ya dakika 30 na 45 kabla ya meli kuondoka. Huo ndio muda wako halisi. Ule wa kuondoka ni wa meli. Ukichelewa, nafasi yako inaweza kupewa gari linalosubiri pembeni. Mimi hulenga kufika saa moja na nusu kabla, na watoto hula wakati huo.

Mfanyakazi atasoma tiketi na kukuonyesha mstari wenye namba. Uig, muulize waziwazi kama mstari huo ni wa Tarbert. Zima injini, lakini dereva asiende mbali. Kabla ya kupanda, weka kwenye mkoba mmoja makoti, nepi, dawa, maji na chakula, maana kwenye meli kubwa sitaha ya magari hufungwa safarini na hutaweza kurudi chini hata kama mtoto amesahau mwanasesere wake.

Ndani ya meli, fuata mikono ya wafanyakazi na si akili yako. Wakikwambia sogea sentimita kumi zaidi, sogea. Vuta hendibreki, acha gari kwenye giya au kwenye P, na zima kengele ya wizi, kwa sababu mtikisiko wa mawimbi huiamsha. Kariri rangi au namba ya ngazi uliyopandia.

Bahari kati ya Skye, bara na visiwa vya nje inaitwa Minch, nayo inaweza kuchafuka. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kuondoka, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ikimezwa baada ya mtoto kugeuka rangi imechelewa. Kaeni katikati ya meli, mtazame upeo wa macho, na simu zifungwe.

Safari ikifutwa, usikimbilie bandari nyingine kwa kubahatisha. Soma ujumbe, ongea na kampuni uhamishiwe meli inayofuata yenye nafasi, kisha piga simu unakotarajiwa kulala. Wenye nyumba za visiwani wameyazoea haya na wengi huelewa, mradi umewaarifu mapema.

## Hatua ya 8: Skye bila msongamano

Kutoka Armadale hadi Portree ni takribani saa moja na kidogo. Jaza mafuta Broadford au Portree. Vivutio maarufu, kama mwamba wa Old Man of Storr, miamba ya Quiraing na madimbwi ya Fairy Pools, vina maegesho ya kulipia yanayojaa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kwa kuwa mchana wa kiangazi ni mrefu, nenda kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya chakula cha jioni. Mwangaza wa jioni ni mzuri zaidi kwa picha vilevile.

Hapa ndipo utakapokutana na usubi. Wadudu hawa wadogo mno hutokea kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Septemba, hasa alfajiri na magharibi, hewa ikiwa imetulia na yenye unyevu. Upepo mwepesi tu huwafukuza, kwa hiyo chagua mahali pa wazi pa kula badala ya kichakani kando ya mto. Kupe ni jambo zito zaidi, kwa sababu baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme. Kila jioni kagua watoto nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na kwenye nywele. Ukimwona kupe, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi na umvute taratibu moja kwa moja. Usimpake mafuta wala kumchoma. Kipele chekundu kinachotanuka siku au wiki zinazofuata ni sababu ya kumwona daktari, hata kama mmesharudi nyumbani.

## Hatua ya 9: Harris na Lewis, na hesabu ya Jumapili

Harris na Lewis ni majina mawili ya kisiwa kimoja, kwa hiyo hakuna feri kati yao. Tarbert hadi Stornoway ni kama kilomita 60 kupitia milimani. Vibao vingi hapa hutanguliza Kigaeli, lugha ya jadi ya wenyeji: Tarbert ni An Tairbeart na Stornoway ni Steòrnabhagh. Andika majina yote mawili kwenye karatasi na umpe mtoto mkubwa kazi ya kuyasoma.

Ufukwe wa Luskentyre, magharibi mwa Tarbert, una mchanga mweupe na maji ya kijani yanayoweza kumdanganya mtu wa pwani. Maji hayo ni baridi sana. Watoto wacheze ukingoni wakiwa na mtu mzima karibu. Mawe ya Callanish, yaliyosimamishwa takribani miaka 5,000 iliyopita, yako Lewis upande wa magharibi.

Jumapili huheshimiwa sana huku kuliko bara. Maduka mengi na vituo vingi vya mafuta hufungwa, na mikahawa iliyo wazi ni michache. Jumamosi mchana jaza tangi na sanduku la chakula kwa siku nzima. Hata siku za kazi, majiko mengi hufungwa mapema usiku, kwa hiyo weka nafasi ya chakula cha jioni kabla ya kuondoka chumbani. Familia za Kiislamu zinunue nyama halali Glasgow na kukodi nyumba zenye jiko. Stornoway upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2018. Kumbuka kwamba wakati wa Juni Isha huingia usiku mno na Alfajiri huifuata upesi, kwa hiyo panga usingizi wa dereva kwa kuzingatia hilo.

## Hatua ya 10: Ullapool, Inverness na kurudi

Ukishuka Ullapool, Inverness iko mbali ya saa moja na nusu. Usiku huo lala huko. Kesho yake ni takribani kilomita 270 hadi Glasgow kwa barabara ya A9, saa tatu na nusu au nne.

A9 inaonekana rahisi baada ya visiwa, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Inabadilika mara kwa mara kutoka njia mbili kila upande hadi njia moja, na dereva aliyechoka husahau yuko kwenye ipi. Kabla ya kulipita gari, hakikisha umeona kibao cha barabara pacha, yaani yenye njia mbili kila upande. Kamera kati ya Inverness na Dunblane hupima wastani wa mwendo kati ya nukta mbili, kwa hiyo kufunga breki mbele ya kamera hakusaidii. Badilishaneni usukani Pitlochry au Perth. Ajali ikitokea, piga 999 au 112.

Jaza mafuta karibu na ofisi ya gari na uhifadhi risiti. Piga picha zilezile ulizopiga siku ya kwanza, pamoja na rimu na kioo cha mbele, safisha makombo kwenye viti, na usiondoke kabla mfanyakazi hajasaini kwamba amelipokea gari bila kasoro mpya.